Aliyelipa Ili Atajwe Katika Wimbo, na Barua Nyingine Nne

Katika toleo lililopita niliwaomba wasomaji waniandikie kuhusu nyimbo, ngoma na filamu zinazozua ubishi nyumbani kwao. Barua zilizofika zimeizidi nafasi niliyopewa, kwa hiyo nimechagua tano. Nilipozisoma kwa mara ya pili niliona kwamba zote zinazunguka jambo moja, yaani haki na kazi aliyo nayo mtu anayesikiliza au kutazama mbele ya mtu anayeimba au kusimulia. Nimezifupisha kidogo, na majina ya waandishi nimeyaondoa kama walivyoomba.

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Kondele, Kisumu. Mdogo wangu anapiga gitaa katika bendi ya benga, ule muziki wa magitaa wa Wajaluo, inayotumbuiza kwenye mabaa na sherehe za hapa mjini. Kila wikendi anarudi nyumbani na pesa ambazo hakulipwa na mwenye baa bali na wateja waliotaka majina yao yatajwe. Usiku mmoja nilikwenda kumsikiliza, na katika wimbo mmoja nilihesabu majina 11, lakini wimbo wenyewe ulihusu nini sikujua. Nilimwambia kwamba huko ni kuombaomba kwa gitaa. Alikasirika, na tangu siku hiyo tunasalimiana tu. Je, nilikosea?

JIBU: Ndugu yangu, swali lako ni la haki, ila neno ulilomtupia mdogo wako lilikuwa zito kuliko kosa lake. Ulichokishuhudia usiku ule kina jina katika Kijaluo, nalo ni pakruok, yaani kujisifu hadharani kwa idhini ya mpiga muziki. Kabla gitaa halijafika kando ya ziwa, mpiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, alipotumbuiza kwenye matanga au kwenye pombe, msikilizaji yeyote aliweza kumsimamisha, akatoa zawadi, kisha akajitaja: yeye ni mwana wa nani, mkwe wa wapi, rafiki wa nani, na ni kitu gani kinachomfanya atembee kifua mbele. Mpigaji alingoja akiwa ametuliza vidole juu ya nyuzi, kisha akaendelea, na mara nyingi sifa ile aliirudisha kwa maneno mazuri zaidi kuliko ya mwenyewe. Aliyejitaja hakuwa ameukatiza wimbo, bali alikuwa ameingia ndani yake. Watu wa pwani nao humwendea mwimbaji wa taarab jukwaani wakiwa na noti mkononi, na wana methali ya Kiswahili inayosema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Hakuna anayemwita mwimbaji huyo ombaomba.

Benga iliirithi desturi hiyo pamoja na mengine. Vijana wa upande huu walipoanza kupiga gitaa katika miaka ya 1950 na 1960, hawakuupokea ufundi wa kigeni mzima mzima. Walidonoa nyuzi za gitaa kama walivyosikia nyuzi za nyatiti zikidonolewa, noti moja moja, kwa kasi, huku besi ikitembea mbele badala ya kujificha nyuma. Na walipoyachukua mapigo waliichukua na adabu ya baraza. Ndiyo maana nyimbo nyingi za benga zina majina ya watu, hasa majina ya wanawake, na ndiyo maana jina la mtu likiingia katika muziki huu huweza kusafiri mbali kuliko mwenyewe. Phares Oluoch Kanindo alikuwa mtayarishaji aliyesambaza santuri nyingi za benga katika miaka ya 1970. Santuri zake zilifika hadi Zimbabwe, na watu wa huko, kwa kuona jina lake juu ya karatasi ya katikati ya santuri, waliuita muziki wenyewe kanindo.

Hata hivyo sitaki kukuacha ukidhani kwamba malalamiko yako hayana msingi, kwa sababu majina 11 katika wimbo mmoja ni mengi mno, nami nitakueleza kwa nini naona hivyo. Nimelelewa katika nyumba iliyokuwa na gramafoni. Baba alikuwa amebandika sarafu juu ya mkono wa sindano ili isiruke palipokuwa na mikwaruzo. Wimbo mmoja wa benga ulijaza pande mbili za santuri ndogo: upande wa kwanza ulikuwa na maneno, na upande wa pili magitaa yalikimbizana hadi mwisho. Sheria ya baba ilikuwa moja tu. Upande wa kwanza hakuna aliyeruhusiwa kusema, kwa sababu mtu alikuwa akituhadithia jambo. Alipoigeuza santuri, tuliruhusiwa kucheza, kupiga kelele na kujisifu tulivyotaka. Majina yalikuwemo katika nyimbo zile, tena mengi, lakini yalitajwa baada ya hadithi kuwa imesimama, kama wageni wanaokaribishwa katika nyumba ambayo tayari ina paa.

Kwa hiyo kipimo ninachokupa ni hiki: yaondoe majina yote katika wimbo wa mdogo wako, kisha usikilize kinachobaki. Kama kunabaki msichana aliyeachwa stendi ya basi, au mvuvi aliyerudi na nyavu tupu, au hata utani tu wa marafiki wawili, basi majina yale ni mapambo na ana haki ya kulipwa kwa ajili yake. Kama hakubaki kitu, basi amekuwa mwandishi wa orodha. Na kuna hatari nyingine ambayo ningependa umweleze kwa upole. Jirani anayetoa shilingi 200 ili amsifu mkewe si sawa na mtu anayetafuta kura ambaye hulipia ubeti mzima. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, aliyeongoza bendi ya Shirati Jazz na kufariki katika ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka 2006, aliimba kwa mafumbo akiwavisha wakubwa ngozi za wanyama, na zaidi ya mara moja alitiwa ndani kwa sababu ya maneno yake. Mwanamuziki ambaye beti zake zote zimekwisha kununuliwa hana mahali pa kuweka maneno kama hayo hata akiwa nayo.

Mwendee mdogo wako, umwombe radhi kwa lile neno, kisha umshauri aache beti mbili za mwanzo bila jina la mtu yeyote. Wanaotaka kutajwa wataweza kungoja hadi magitaa yachangamke, na naamini wataongeza pesa.

SWALI: Mwalimu, nakuandikia kutoka Nakuru. Mume wangu ni dereva wa matatu, na jioni akirudi hutaka kutazama filamu zilizowekewa maelezo ya Kiswahili, zile za DJ Afro. Mimi naelewa Kiingereza vizuri, na naona kwamba msimulizi huyo anaiharibu filamu, anaongea juu ya sauti za waigizaji, anabuni majina, na nusu ya anayoyasema hayamo kabisa. Watoto wetu wawili wameanza kuiga misemo yake. Nikimwambia mume wangu tutazame filamu kama ilivyotengenezwa, ananiambia kwamba najifanya msomi. Nani kati yetu ana haki?

JIBU: Dada yangu, mumeo hatazami filamu unayoitazama wewe. Wewe unatazama kazi ya mwongozaji wa Hong Kong au wa Mumbai, naye anamsikiliza msimulizi wa hapa nyumbani anayetumia picha za watu wengine kama vile fundi wa hadithi alivyotumia moto, giza na vivuli vya ukutani. Hizo ni sanaa mbili katika kioo kimoja, na ugomvi wenu umeanzia hapo.

Usimulizi wa namna hii hauna aibu yoyote. Wakati filamu zilipokuwa bado hazina sauti, Japani ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia wakieleza yaliyokuwa yakitendeka na kuwasemea waigizaji wote, na sifa zao zilikuwa kubwa kiasi kwamba watazamaji wengine walichagua ukumbi kwa kumfuata msimulizi badala ya mwigizaji. Uganda wana wasimulizi wao, na Tanzania walikuwa na Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana na wengi kwa jina la Lufufu. Kenya tunaye huyo DJ Afro wa mumeo, ambaye filamu za mapigano na za Kihindi amezifanya zizungumze Kiswahili cha mtaani kiasi kwamba abiria wa matatu hucheka pamoja bila kujuana.

Naomba nikueleze nilichokiona mwenyewe, maana ndicho kilichonibadilisha mawazo. Miaka mingi iliyopita mvua ilininyeshea karibu na soko la Kibuye, nikakimbilia kibanda cha video cha mabati, chenye mabenchi ya mbao na blanketi lililotundikwa dirishani ili kuzuia mwanga. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mzee aliyekuwa ameingia na karai lake la omena, naye pia akikwepa mvua. Filamu ilikuwa ya Kichina. Nilitegemea kwamba mama yule angesinzia. Badala yake, msimulizi alipomfanya yule mwovu wa filamu azungumze kama mkusanya ushuru wa soko, mama alianza kucheka kabla ya watoto, akamjibu msimulizi kwa sauti, akamwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango, na mvua ilipokwisha hakuinuka hadi mwisho. Maneno ya chini ya picha yasingemfaa kitu, kwa kuwa hakujua kusoma. Aliniambia mwenyewe tulipotoka. Tangu siku ile siwezi kusema kwamba usimulizi huharibu filamu.

Hata hivyo nakuunga mkono katika mambo mawili. La kwanza ni ukimya. Filamu nzuri ina nyakati ambapo hakuna anayesema, mtu anatazama dirishani au anafunga mlango taratibu, na msimulizi anayeogopa ukimya huzijaza nyakati hizo kwa maneno hadi mtazamaji asijue kwamba palikuwa na huzuni. Hiyo ni hasara ya kweli. La pili ni watoto. Utani mwingi wa wasimulizi hao huchezea maumbile ya wanawake na makabila ya watu, na mtoto hawezi kutenganisha utani na mafundisho. Hapo mumeo hana hoja, na ningemwomba afunge sauti hiyo watoto wanapokuwa macho.

Kwenu wawili, wakiwa wamelala, nina pendekezo. Tafuteni filamu ya Nairobi Half Life ya mwaka 2012, ambayo ndiyo ya kwanza kupelekwa na Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar cha filamu za lugha za kigeni. Watu wake wanazungumza Kiswahili, Sheng na Kikuyu, kwa hiyo mumeo hatahitaji msimulizi wala wewe hutahitaji kujitetea. Ni filamu yenye ukatili na matusi, ndiyo maana nasema watoto wawe wamelala. Nimeitaja kwa sababu kijana aliye kiini cha hadithi hiyo, kabla hajaenda Nairobi, anauza filamu za kigeni kijijini, na ili kuwavutia wateja huwaigizia matukio yake kwa mikono, macho na sauti. Mtazameni pamoja. Nadhani kila mmoja wenu ataona kitu ambacho mwenzake amekuwa akijaribu kumweleza.

SWALI: Mwalimu, mimi ni kijana wa Bungoma. Napenda sana muziki wa Lingala wa zamani, lakini wenzangu kazini hunicheka kwamba nafurahia maneno nisiyoyaelewa. Nifanye nini?

JIBU: Endelea kuusikiliza, kijana wangu. Sikio la mtu wa magharibi mwa Kenya liliandaliwa na benga kuipenda ile sehemu ya Lingala ambapo maneno hunyamaza na magitaa hushika njia, kwa hiyo hujapotea, uko nyumbani. Tena bendi kadhaa kutoka Kongo zilihamia Kenya katika miaka ya 1970, zikiwemo Super Mazembe na Les Mangelepa, na baadaye Samba Mapangala na Orchestra Virunga, na baadhi ya nyimbo zao ziliimbwa kwa Kiswahili. Anza na hizo. Katika zile za Lingala tupu, chagua mstari mmoja unaoupenda kuliko yote na umtafute mtu wa kukufasiria huo tu. Wimbo ulioupenda kwa miaka bila kuuelewa, siku unapoambiwa kwamba mwimbaji alikuwa akimlilia rafiki aliyekufa, huwa kama umekupigia hodi upya.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama wa watoto watano huko Shinyalu, kaunti ya Kakamega. Binti yangu wa kwanza anaolewa mwezi Desemba. Vijana wangu wanataka DJ mwenye spika kubwa kutoka mjini. Baba yangu mzazi, ambaye ana miaka zaidi ya 80, anasema kwamba arusi isiyo na ngoma ya isukuti hatahudhuria. Pesa tulizonazo haziwezi kuwalipa wote wawili kwa siku nzima. Nimechoka kuwapatanisha. Nisaidie.

JIBU: Mama, hongera kwa kumlea binti hadi kufikia siku hiyo. Nitakujibu bila kuzunguka: waite wapiga isukuti kwanza, kisha pesa zitakazobaki zimtafutie DJ wa jioni.

Sisemi hivyo kwa kumwogopa mzee, ingawa mzee wa miaka zaidi ya 80 anastahili kusikilizwa. Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, ni yenu nyinyi wenyewe, na mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha ya turathi zisizoshikika zinazohitaji kulindwa haraka. Maneno hayo ya "kulindwa haraka" si ya kujivunia. Yaliandikwa kwa sababu wanaoijua vizuri wengi wao ni wazee, vifaa vya kutengenezea ngoma ni shida kupatikana, na wenye sherehe wameanza kupendelea burudani ya kibiashara. Kwa maneno mengine, mama, yaliandikwa kwa sababu ya mabishano kama haya ya nyumbani kwako, yanayorudiwa kila Desemba katika kila kijiji.

Lakini sababu yangu kubwa si turathi. Mtu hamwozi binti yake ili kulinda turathi. Sababu yangu ni kazi ambayo isukuti huifanya na spika haiwezi. Ngoma zile huwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma, na zote zinatembea. Wapigaji huzitia ngozi joto kando ya moto hadi zikaze. Mmoja hubofya kwa kidole gumba, hutega sikio, huirudisha motoni tena kidogo, na watoto wakiona hivyo tu wanajua kwamba jambo limekaribia. Kisha kundi huondoka na watu. Huwapokea wakwe barabarani, huwaingiza uani, humzunguka bibi harusi, na kiongozi akiimba mstari, nyinyi mlio karibu lazima muujibu, maana asipojibiwa wimbo unaanguka. Shangazi aliyekuja akiwa na kinyongo hujikuta amekwisha kuitikia. Spika huwekwa chini ya hema na kubaki pale. Wanaotaka kucheza huifuata, na wasiotaka hukaa kwenye viti wakitazama simu zao. Nimehudhuria arusi nyingi za aina zote mbili, na nimeona wageni wa pande mbili wakiondoka bila kuzungumza katika zile ambazo muziki haukuwahitaji.

Nimeona pia aibu moja ambayo nakuomba isitokee kwako. Katika arusi fulani, wapiga isukuti waliwekwa nyuma ya jiko, wakapewa chakula cha mwisho kilichokuwa kimepoa, na walipodai malipo yao waliambiwa kwamba wao ni watu wa nyumbani, wangoje. DJ alikuwa amelipwa asubuhi kabla hajafungua boksi lake. Wazee wale walikuwa wametembea na wageni saa nzima juani. Mama, kubalianeni malipo mapema, mwape nusu kabla hawajaanza, na mwaketishe mahali wanapoonekana.

Vijana wako waambie hivi: isukuti itawaleta wageni hadi hemani na kumkabidhi binti kwa wakwe, na saa za jioni, wazee wanapokwenda kulala, spika ni zenu. Mkubwa wao mpe kazi ya kubeba ile ngoma ndogo kutoka barabarani. Akiwa na bahati, watamwachia aipige.

SWALI: Mwalimu, mimi ni baba wa nyumba hapa Kisumu, kwetu ni Alego, Siaya. Binti yangu wa miaka 14 alisikia nyatiti katika sherehe ya shule, na tangu hapo anataka kujifunza kuipiga. Nilifurahi, lakini kaka yangu mkubwa amesema kwamba mwanamke hakai mbele ya nyatiti, na kwamba nikimruhusu nitakuwa nimeivunjia heshima mila. Sitaki kumvunja moyo mtoto, wala sitaki kumkosea kaka yangu.

JIBU: Bwana, barua yako niliisoma mara tatu, kwa sababu nawajua kina kaka wa namna hiyo na najua kwamba mara nyingi wanachokitetea wanakipenda kweli.

Kaka yako hajabuni jambo. Nyatiti ilikuwa ala ya wanaume, na wazee husimulia kwamba nyuzi zake 8 zinahesabu maisha ya mwanamume: nne kwa siku nne za kuzaliwa kwake, na nne kwa siku nne za matanga yake. Hata namna ya kukaa ilikuwa ya kiume kwa macho ya wakati huo. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, ala ikiwa imelazwa ubavuni mbele yake, pete ya chuma kwenye kidole kikubwa cha mguu ikigonga mbao zake, na njuga mguuni zikijibu. Mtu mmoja ni mpiga nyuzi, mpiga ngoma, mpiga njuga na mwimbaji kwa wakati mmoja. Ukimweleza kaka yako kwamba unajua haya yote, atakusikiliza kwa sikio jingine.

Kisha mkumbushe kwamba nyatiti yenyewe imekwisha kuvuka mipaka mingi, na haikuvunjika. Ayub Ogada, ambaye aliaga dunia mwaka 2019 huko Nyahera karibu na Kisumu, aliipeleka ala hii kwenye majukwaa ya Ulaya, na wimbo wake wa Kothbiro, maana yake mvua inakuja, ulitumiwa katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005. Watu wasiojua hata neno moja la Kijaluo walilia kwa kuusikia. Na kuhusu wanawake, Siaya yenyewe ndiyo iliyofungua mlango. Mwanamke Mjapani, Eriko Mukoyama, alikuja akaishi kijijini, akafunzwa na mzee mpiga nyatiti wa huko, na leo anajulikana kwa jina la Anyango. Kama mzee wa Siaya aliweza kuifundisha ala hii kwa binti aliyetoka Japani, sijui tutamwambia nini binti wa Alego aliyeililia akiwa nyumbani kwao.

Hiyo haina maana kwamba umwendee kaka yako kwa ubishi. Mwendee na mtoto. Mwache mtoto mwenyewe amwombe baba yake mkubwa amtafutie mwalimu, kwa sababu huenda anawajua wapigaji wazee kuliko wewe, na mtu aliyemtafuta mwalimu hawezi tena kuyapinga mafunzo. Mweleze binti kwamba vidole vitauma kwa wiki kadhaa na pete itamchubua mguu. Mweleze pia kwamba maneno ni nusu ya kazi: lazima ajifunze Kijaluo cha wazee, cha mafumbo na majina ya sifa, si kile cha kununulia mboga sokoni. Shuleni aulizie kuhusu Tamasha la Muziki la Kenya, ambako wanafunzi hushindana katika ngoma na ala za jadi. Atakutana huko na watoto wenzake wenye mapenzi kama yake.

Na wewe una kazi, bwana. Niliyomjibu yule kaka wa Kondele kuhusu pakruok yanakuhusu wewe pia, maana desturi ile ilizaliwa mbele ya nyatiti. Siku binti atakapoweza kupiga wimbo mmoja hadi mwisho, vuta kiti ukae karibu naye, na mweke kaka yako upande wa pili. Akifika katikati msimamishe, weka noti mbele ya kigoda chake, kisha ujitaje: wewe ni mwana wa nani, umetoka Alego, na ni baba wa mpiga nyatiti.